Kumaliza madeni kwa kipato cha msimu: mwongozo kwa familia za Moshi

Miongozo mingi ya kulipa madeni imeandikwa kwa ajili ya mtu anayepokea mshahara tarehe 25. Inamwambia atenge kiasi fulani, alipe, asubiri mwezi ujao. Moshi wengi wetu hatuishi hivyo. Wapagazi wa mlimani, wale wanaojiita wagumu, wana kazi wageni wakiwepo. Akina mama wa mitumba pale soko la Memorial wanauza vizuri watumishi wakishapokea mshahara na wanalala njaa mvua ikishika. Bodaboda anapeleka hesabu kwa bosi kwanza, kilichobaki ndicho chake. Mkopeshaji kwa upande wake anataka rejesho lilelile kila wiki, masika na kiangazi. Aprili ikifika rejesho halipatikani, familia inakopa kwingine ili kulipa huku, na ndipo deni moja linapozaa matatu.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu ni kuyatoa madeni kwenye kalenda ya mkopeshaji na kuyaleta kwenye kalenda ya kipato chako. Nitatumia familia ya mfano, ya kubuni, yenye namba nilizozipanga ili hesabu ifuatike. Wanaishi Pasua, vyumba viwili, kodi Sh60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mama anauza nguo za watoto Memorial na anabaki na faida ya kama Sh12,000 kwa siku, siku 24 za mwezi. Baba ni mgumu. Kila safari ya mlimani, posho na bakshishi pamoja, inamwachia Sh200,000. Watoto watatu wako shule za serikali.

Hatua ya 1: Andika kila deni, na uandike bei yake

Tafuta daftari la shule. Kila anayekudai apewe ukurasa wake: ulipokea kiasi gani mkononi, utarudisha kiasi gani jumla, umeshalipa ngapi, siku ya rejesho ni lini, uliweka dhamana gani, nani alikudhamini. Zingatia hilo la kwanza. Kilichoandikwa kwenye mkataba na kilichoingia mkononi mara nyingi ni vitu viwili.

Familia yetu ya mfano inadaiwa hivi:

Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wa marejesho ya kila siku, limebaki Sh180,000.
Vikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa cha mama, Sh450,000, riba asilimia 5 kwa mwezi juu ya salio.
Duka la Mangi, kwenye daftari lake, Sh95,000.
Songesha, mkopo wa M-Pesa kwenye simu, Sh30,000.
Kaka wa mume aliyewatoa kwenye ada ya chuo ya mdogo wao, Sh300,000.

Jumla Sh1,055,000. Kwa mtazamo wa haraka deni baya ni la vikoba, kwa kuwa ndilo kubwa. Sasa tuangalie bei.

Ule wa kausha damu uliandikwa Sh200,000. Fomu na "uchakavu" vikakatwa Sh20,000, mama akapokea Sh180,000. Anatakiwa kurejesha Sh10,000 kwa siku kwa siku 26, yaani Sh260,000. Gharama ni Sh80,000 kwa muda usiofika mwezi, sawa na asilimia 44 ya alichopokea. Ameshalipa siku nane bila kukosa, na bado anadaiwa Sh180,000, ileile iliyoingia mkononi mwake. Vikoba kwa mwezi huohuo vinamla Sh5,000 kwa kila laki. Mangi na shemeji hawamli kitu. Songesha inatoza ada kila siku deni linapolala, na pesa yoyote ikiingia kwenye laini inakatwa kabla hujaigusa.

Kwa hiyo kwenye kila ukurasa, juu kabisa, andika kwa kalamu nyekundu: deni hili linanila shilingi ngapi kwa mwezi kwa kila laki moja. Namba hiyo ndiyo itakayopanga foleni.

Kuna mtego mmoja wa riba ambao maafisa mikopo hawauelezi usipouliza. Riba ya moja kwa moja inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Riba ya salio inapungua kadiri unavyolipa. Ukikopa Sh600,000 kwa miezi sita kwa asilimia 5 ya moja kwa moja, riba yote ni Sh180,000. Asilimia 5 hiyohiyo kwa salio, ukirejesha mtaji laki moja kila mwezi, ni Sh105,000. Asilimia ni moja, tofauti ni Sh75,000, ambayo kwa familia hii ni chakula cha nusu mwezi.

Halafu daftari lisomwe na wote wawili. Nasema hivi nikijua ni hatua ngumu kuliko hesabu yenyewe. Mikopo mingi ya marejesho ya kila siku huchukuliwa kwa siri. Mke hataki mume ajue, au mume ameweka pikipiki dhamana bila mke kusikia. Siri inagharimu pesa, kwa sababu mwenye siri hulipa kwa kujibanabana kwenye hela ya chakula na kukopa kwa yeyote asiyeuliza maswali. Kama kuna hofu ya ugomvi, mtafute mtu mmoja mnayemheshimu wote, mama mdogo au mzee wa jumuiya, akae nanyi siku ya kulifungua daftari. Mkikaa, msianze na nani kakopa. Anzeni na ukurasa wenye namba nyekundu kubwa.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya pesa ya mwaka mzima

Ukurasa wa katikati wa daftari, gawa miezi 12. Juu andika pesa inayoingia, chini andika mizigo inayojulikana. Kwa familia yetu picha inakuwa hivi.

Januari na Februari mlima una watu, lakini shule zinafunguliwa. Elimu bila ada ilianza 2016 katika shule za serikali, ila sare, madaftari na mchango wa chakula havikuondoka. Kuanzia Machi masika inaingia. Aprili na Mei baba anakaa nyumbani, na nguo za Memorial zinafunikwa turubai. Juni wageni wanaanza kurudi, Julai mpaka Oktoba ndio msimu wenyewe. Novemba vuli inapunguza safari. Desemba mlima unachangamka tena mwisho wa mwezi, lakini ndugu wote wa Dar wameshuka, mbuzi anachinjwa, na hakuna aliyewahi kuona pesa ya Desemba ya Mchagga ikifika Januari.

Mwenye kahawa au mpunga wa Lower Moshi ataandika miezi mingine. Cha msingi ni kuitambua miezi mikavu na miezi ya neema kabla hujamwahidi mtu rejesho. Kwa familia hii, Aprili mpaka Juni ni miezi ya kuelea tu, na Julai mpaka Oktoba ndiyo ya kulipa. Juni naihesabu kuwa mikavu kwa makusudi. Safari zikipatikana, ni nyongeza.

Hatua ya 3: Zuia deni jipya lisiingie

Huwezi kupunguza kinachoongezeka. Familia nyingi huanza na kulipa, na hii ndiyo hatua wanayoiruka.

Kwa Mangi, funga hesabu. Nenda saa ambayo duka halina watu. "Mangi, naomba tufunge daftari leo. Ni tisini na tano. Kuanzia mwezi wa tano nitakuletea elfu kumi kila baada ya wiki mbili, msimu ukianza namaliza deni lako. Na kuanzia leo nanunua taslimu." Mangi atakubali kuliko unavyodhani, kwa sababu mteja anayelipa kidogo ni bora kwake kuliko anayepita njia ya nyuma kulikwepa duka. Lakini lazima kweli ununue taslimu, hata kama ni robo ya sukari.

Songesha na ndugu zake wa mitandao mingine, lipa kisha jitoe kwenye huduma. Pesa ya biashara isipite kwenye laini yenye deni.

Programu za mikopo za kwenye simu zinastahili tahadhari ya pekee. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Baadhi ya programu za aina hiyo huomba ruhusa ya kuona namba zote ulizohifadhi, na ukichelewa siku moja, mwalimu wa mwanao, mchungaji na bosi wako wanatumiwa ujumbe kuwa wewe ni tapeli. Ukishaingia humo, ondoa ruhusa ya majina kwenye mipangilio ya simu na utunze picha za kila ujumbe wa matusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda, na ushahidi ndio utakaohitajika ukienda kulalamika.

Hatua ya 4: Toa kausha damu kwanza

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa "anza na dogo upate moyo". Ushauri huo ni mzuri pale bei za madeni zinapokaribiana. Unapokuwa na deni la asilimia 44 kwa mwezi karibu na la asilimia 5, moyo utaupata baadaye.

Tazama hesabu ya Aprili. Mama anaingiza Sh288,000. Rejesho la kausha damu peke yake, Sh10,000 mara siku 18 zilizobaki, ni Sh180,000 ndani ya wiki tatu. Kwa kipato hicho mwezi wa mvua, haiwezekani bila kulala njaa au kukopa tena. Njia ziko tatu, nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda.

Ya kwanza ni kubadilisha deni ghali kwa deni rahisi. Vikoba vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Mama ana hisa za Sh250,000, kikomo chake ni Sh750,000, anadaiwa Sh450,000. Katiba ya kikundi chake ikiruhusu kuongezewa, anaomba Sh180,000 na deni linakuwa Sh630,000. Riba yake ni Sh31,500 kwa mwezi. Kukopa ili kulipa deni ni jambo la hatari na nimeliruhusu kwa masharti matatu tu: riba mpya iwe ndogo waziwazi, pesa ipelekwe kulipa siku hiyohiyo akiwa na shahidi, na ule mlango wa zamani ufungwe kwa maandishi. Sharti moja likikosekana, utajikuta na madeni yote mawili.

Ya pili ni kuuza kitu. Si cherehani, si pikipiki ya kazi, si mtaji wa nguo. Televisheni, sofa, simu ya pili, mbuzi wa nyumbani kijijini. Inauma, ila televisheni hairudishi asilimia 44.

Ya tatu ni kujadiliana na mkopeshaji mwenyewe. Nenda kabla hujachelewa, au andika: "Habari za kazi, kaka. Ni mteja wako wa Pasua. Nimelipa siku nane bila kukosa. Kuanzia Jumatatu sitaweza elfu kumi kwa siku, mvua imeshusha biashara. Naweza elfu kumi na tano kila Jumamosi. Naomba tuandikiane salio la leo lisiongezeke, na ratiba mpya tuisaini wote." Ujumbe una kiasi, una siku, na una ombi moja la msingi, kwamba salio lisiongezeke. Afisa mikopo anaishi kwa marejesho. Anayeahidi kiasi anachokiweza humfaa kuliko anayezima simu.

Kabla ya kujadiliana jua sheria inasema nini, maana sauti hubadilika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Sh200,000 hiyo ni Sh7,000 kwa mwezi mzima. Muulize mkopeshaji leseni yake kwa adabu, uombe nakala ya mkataba. Akikataa vyote viwili, malalamiko yako yapeleke kwa maandishi ofisini kwake, kisha Benki Kuu. Wana tawi Arusha, si lazima kwenda Dar wala Dodoma.

Kuna mambo mengine mawili wakopeshaji wa mtaani hupenda kuyatumia kutisha. Deni la kawaida ni shauri la madai, si jinai, na kazi ya polisi si kukusanya marejesho. Na anayekuja kubeba vyombo muulize amri ya mahakama iko wapi, umwite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Hata pale mkopeshaji anaposhinda kesi, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inavikinga vyombo vya kupikia, nguo za kuvaa, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana za fundi. Sikuambii haya ili usilipe. Nakuambia ili ukae mezani ukiwa umetulia.

Ni marufuku, hii niandike peke yake, kumwachia mtu kadi ya benki na namba yako ya siri kama dhamana. Walimu na wastaafu wameumizwa sana na mtindo huu. Mkopeshaji anatoa mshahara wewe unasubiri nje akupe kilichobaki.

Hatua ya 5: Bajeti ya miezi mikavu

Aprili, baada ya kausha damu kuondoka kwa njia ile ya kwanza, familia yetu inakaa hivi: chakula Sh150,000, kodi inayotengwa Sh60,000, mkaa na gesi Sh25,000, shule Sh20,000, umeme Sh10,000, maji Sh10,000. Jumla Sh275,000, kati ya Sh288,000 za mama. Zinabaki shilingi 13,000. Baba akipata vibarua vya Sh60,000 kwa mwezi, kupandikiza mpunga Mabogini au kusaidia fundi, kunakuwa na Sh73,000 za kupumulia.

Katika hizo, Sh31,500 ni riba ya vikoba. Katika miezi hii wanalipa riba tu, na wamekubaliana na kikundi kabla. Mwenye hisa zake mle ndani akieleza kuwa mtaji ataulipa Julai mpaka Septemba, na baba akasimama naye kwenye kikao, wanakikundi huelewa. Nao wanaijua masika. Aprili wanamaliza Songesha Sh30,000. Mei na Juni zinakwenda Sh20,000 kwa Mangi kila mwezi. Kinachobaki, Aprili Sh11,500, Mei na Juni Sh21,500 kila mwezi, kinaingia kwenye kibubu cha dharura. Watu huniambia mwenye deni hana sababu ya kuweka akiba. Anayo, kwa kuwa mtoto ataugua tu, na bila hiyo elfu hamsini mtarudi kwa kausha damu usiku huohuo.

Kuhusu chakula, sina imani na ushauri wa kubana zaidi ya hapo. Sh5,000 kwa siku kwa watu watano ni pesa ambayo tayari imebanwa. Kinachowezekana ni kubadili namna ya kununua. Familia isiyo na pesa ya mkupuo hununua mafuta ya kupima, sukari ya robo na unga wa nusu kilo, na kwa namna hiyo maskini hulipia kilo bei kubwa kuliko tajiri. Usijaribu kuhamisha kila kitu kwa wakati mmoja. Anza na maharage. Ungana na jirani wawili, mnunue debe soko la Mbuyuni, mgawane kwa sado. Ile pesa iliyookolewa wiki hiyo ndiyo itakayonunua mafuta ya lita nzima wiki ijayo. Mahindi yasubiri mavuno ya tambarare yashushe bei, ndipo mchange gunia. Maharage yachemshwe mengi kwa moto mmoja, yagawanywe ya siku tatu. Mnafu na mchicha wa nyuma ya nyumba vinahitaji ndoo mbili zilizotoboka na maji ya kuoshea mboga, basi.

Umeme una jambo moja la kulijua. Kundi la matumizi madogo la TANESCO linanufaika na bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada inapanda bei mno. Nyumba ya wapangaji sita wanaotumia mita moja huvuka hapo mapema, hivyo wote wanalipia bei ya juu. Kama ndivyo mlivyo, pasi ya umeme na jiko la umeme la mpangaji mmoja ni suala la kikao cha nyumba nzima.

Hatua ya 6: Michango

Hakuna bajeti ya Kilimanjaro iliyokamilika bila mstari huu, na karibu hakuna anayeuandika. Harusi, send-off, kitchen party, komunio, kipaimara cha mtoto wa binamu, misiba. Kadi inakuja na kiwango kimeshapendekezwa, halafu kuna kundi la simu linaloonyesha nani katoa na nani hajatoa. Nimeona watu wanaokopa kwa riba ili wachangie ukumbi.

Kwa familia inayolipa madeni napendekeza hivi. Weka fungu la michango la mwaka mzima, kiasi kimoja, na lote litoke kwenye miezi ya neema. Ndani yake misiba itangulie, kwa sababu msiba haupangwi na ndiko unakozikwa na watu. Sherehe zigawane kilichobaki. Kadi ikija, jibu mapema, usisubiri kamati ikupigie mara nne. "Shikamoo shangazi. Kadi nimeipata, nashukuru mmetukumbuka. Mwaka huu mkono wetu ni mfupi. Tutatoa elfu kumi mwezi wa saba, na siku ya shughuli nitafika jikoni alfajiri." Elfu kumi iliyotajwa tarehe na mikono jikoni vinapokelewa vizuri kuliko ahadi ya laki isiyofika. Kuna shangazi atakayenuna. Atanuna hata ukitoa laki.

Kwa upande wa pili, kama mwanao ana kipaimara mwaka huu, sherehe inaweza kuwa pilau ya nyumbani. Kanisa halidai turubai wala MC.

Hatua ya 7: Msimu ukifika, gawa pesa siku ileile

Julai baba anaanza kushuka na pesa. Safari mbili kwa mwezi, Sh400,000. Hatari kubwa ya mwaka mzima iko kati ya geti na nyumbani, kwa sababu mtu aliyebeba mizigo ya wageni siku saba kwenye baridi anaona ana haki ya kujipongeza, na kweli anayo. Mpe fungu lake lenye kiasi, ili asilazimike kulichukua bila kiasi.

Mgawanyo wa mfano: Sh300,000 za kila mwezi ni za madeni, Sh100,000 ni za viatu, michango, matibabu na hilo fungu la baba. Mama anaendelea kuendesha nyumba kwa faida ya mitumba, na kodi inatengwa humohumo kama zamani. Sh150,000 za madeni zitoke siku ileile ya kila safari, kabla pesa haijalala.

Hesabu inakwenda hivi. Julai, riba Sh31,500, mtaji Sh268,500. Vikoba vinabaki Sh361,500. Agosti, riba imeshuka hadi kama Sh18,000, mtaji unalipwa Sh282,000, zinabaki takriban Sh79,500. Septemba vikoba vinaisha kwa kama Sh83,500 pamoja na riba. Katika laki tatu za mwezi huo bado zipo Sh216,500: Mangi anamaliziwa Sh55,000 zake, shemeji anapelekewa Sh161,500. Oktoba shemeji anamaliziwa Sh138,500. Zinabaki kama Sh161,500, na hakuna anayedai.

Utauliza kwa nini shemeji, aliyekopesha kwa roho safi, amesubiri mpaka mwisho. Kwa kipimo cha bei ndivyo ilivyo, deni lake halikui. Lakini ndugu naye ana kipimo chake. Kwa hiyo tangu Aprili apigiwe simu na kuambiwa wazi: "Shemeji, tumekaa na daftari. Pesa yako itatoka mwezi wa tisa na wa kumi. Tukipata mapema tutaleta mapema." Mwezi wa saba apigiwe tena kukumbushiwa, bila kusubiri aulize. Ndugu hakasirishwi sana na kuchelewa kama anavyokasirishwa na kukwepwa. Na akipata shida yake katikati, ahamie mbele ya foleni, hata kama hesabu inasema vinginevyo.

Safari zikipungua, msivuruge mpango mzima. Ongezeni mwezi mmoja wa Novemba kwa kutumia kibubu, na mrudi kwenye kikundi kusema mapema.

Mwenye mshahara

Mtumishi naye asome hatua zote, ila kwake mambo mawili yanatofautiana. Makato ya mkopo yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara. Ukiona umefikishwa hapo, mkopo unaofuata utatoka kwa watu wa kushika kadi. Na benki nyingine ikija kukuambia itanunua deni lako na kukupa nyongeza, uliza jumla utakayolipa mpaka mwisho, siyo rejesho la mwezi. Rejesho linashuka kwa sababu miaka imeongezwa.

Hatua ya 8: Funga ukurasa rasmi

Kila deni linapoisha, dai karatasi. Kwa kampuni ni barua ya kumaliza mkopo, na urudishiwe kadi ya gari, hati au chochote ulichoweka dhamana. Kwa vikoba ni saini ya katibu na mweka hazina kwenye kitabu chako. Kwa Mangi ni mstari mwekundu kwenye daftari lake, mbele yako. Kwa mkopo wa benki, hakikisha pia taarifa zako kwenye kampuni za kumbukumbu za wakopaji, kama Creditinfo, zimerekebishwa, maana jina likibaki limechafuka utalijua siku unapoomba mkopo wa maana.

Zile Sh161,500 za Oktoba zisiguswe na Desemba. Zipewe kazi mapema: sare na madaftari ya Januari yanunuliwe Novemba, kabla maduka ya mjini hayajajaa, na kinachobaki kijazie kodi. Rejesho la Sh300,000 lililozoeleka liendelee kutoka Desemba wageni wakirudi, ila sasa likanunue hisa za vikoba, ambazo ndizo zitakazowakopesha kwa asilimia 5 masika ijayo ikibidi. Na kama kuna mwanamke, kijana au mwenye ulemavu ndani ya nyumba anayetaka kukuza biashara, amuone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inapitia vikundi vilivyosajiliwa, ina mlolongo, na ni ya biashara. Msiifikirie kwa kulipia madeni ya zamani. Ndiyo maana nimeiweka hapa mwisho, baada ya daftari kufungwa.